Nilivyouzima Moto wa Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nimeificha miaka miwili, lakini kwa kuwa Kidahwe nzima, kijijini kwa mume wangu, wanaijua, afadhali na nyinyi muisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa bibi harusi wa wiki moja, mtoto wa Ujiji niliyekulia kwenye jiko la mkaa, nikapelekwa kwa mama mkwe, kwenye nyumba yake ya udongo iliyoezekwa nyasi. Jioni ya pili mume wangu akanionyesha kwenye simu nyumba za zamani za wakulima wa Ayalandi, nazo za nyasi vilevile, na mama mmoja akifukia makaa kwenye majivu ili moto usife miaka nenda rudi, nikasema wale watu walikuwa na akili (yangu ilikuwa wapi, msiniulize).

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe, mimi nikajipa ufagio. Niliamka kabla ya mama mkwe ili anione mchapakazi, nikakuta mafiga yamejaa majivu, nikaona uchafu gani huu, nikamwaga ndoo nzima ya maji, majivu yakaruka yakanifunika mpaka kope, na chini yake makaa yakalia chwiii.

Mama mkwe akatokea mlangoni. Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda akaniambia moto ule alikabidhiwa na mama mkwe wake alipoolewa, na alikuwa akingoja kunikabidhi mimi. Nikamwambia nina kiberiti (ndiyo, nilisema hivyo), kisha nikaangua kilio. Akanipa kigae cha chungu cha kubebea makaa, akanituma kwa jirani yake, Bibi Nyamwiza, nikaombe moto.

Nikakatiza kijiji na kitenge kipya na uso wa majivu, kila anayenisalimu anauliza kigae cha nini, nami kwa woga nasema ukweli, kwa hiyo nilipofika habari zilishanitangulia. Bibi Nyamwiza akanijazia makaa.

"Usilie, mjukuu wangu," akasema. "Moto huu niliuchukua kwenu masika, wangu ulipozimwa na mvua. Sasa unarudi nyumbani."

Niliurudisha polepole, nikiupuliza, vidole vikiungua. Mama mkwe akawasha, akapika uji, kisha akaniambia jioni hiyo nitafukia mimi.

Nimeapa: jikoni kwa mwenzangu simwagi maji kabla sijachokonoa majivu kwa kijiti. Mama mkwe bado hunitambulisha kwa wageni kama mkamwana aliyewafanya waombe moto wao wenyewe. Ila tukienda Kidahwe, jioni ikifika, hunyoosha miguu na kuniachia majivu.