Chuma cha Baba na Kitambaa Cheupe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kule Buteba, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, baba alirudi kutoka Tororo na chuma ambacho hata yeye mwenyewe hakujua ni cha nini. Baba, Wandera, alilima wimbi na pamba, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumpita mwuza vyuma vikuukuu bila kuchutama. Tayari tulikuwa na nusu ya mkasi mkubwa na kufuli tatu zisizo na funguo. Mama alikuwa ameshaacha kuuliza.

Hiki kilikuwa bomba jembamba, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, lenye ncha kali iliyokatwa mshazari. Ubavu mmoja ulikuwa wazi kama mfereji. Mpini wake wa mti ulitobolewa katikati, tundu likapita toka upande hadi upande. Ndani mlikuwa na doa la kahawia lililogoma kutoka hata kwa majivu.

Baba aliamini kingefaa kwa pombe. Kwetu watu hunywa pombe ya wimbi wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na machicha huiziba mirija. Alikitumbukiza chuma chake mtungini mbele ya wenzake, akavuta, akapata hewa tu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Opakol, jirani yetu Mteso, rafiki yake wa miaka mingi.

Kukhu, mama yake baba, hakucheka. "Chuma usichokijua jina usikilaze ndani," alisema. "Kitakutafutia wewe jina." Baba alikichomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango, na mambo yangeishia hapo kama si mimi.

Miaka ile, muda mfupi baada ya uhuru, watoto wa pande zote mbili za mpaka tuliwaogopa wazimamoto. Walisemekana kuwa watu wenye gari lisilo na taa, wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu. Sikupata kukutana na mtu aliyewaona, ila kila mtu alikuwa na shemeji aliyenusurika. Kisimani, bingwa wa habari hizi alikuwa Akiteng, binti wa Opakol. Akianza yeye, wasichana walisahau hata ndoo zao. Mimi sikuwa na shemeji wala hadithi. Siku moja nikasema kwamba baba yangu anacho chuma chenyewe cha kunyonyea, na ndani mna damu iliyoganda. Wote waligeuka kunitazama. Utamu wa kusikilizwa ukanipanda kichwani, nikaongeza kwamba kila jioni anakifunga kwa kitambaa cheupe.

Kitambaa hicho hakikuwapo. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitambaa cheupe cha aina yoyote.

Wiki ileile mdogo wake Akiteng akaugua. Alipauka midomo na viganja, akawa hawezi kusimama. Mama akifika kisimani, wanawake waliondoka. Mtungi wa pombe ulihamia boma jingine bila baba kuambiwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili mimi ndiye niliyeliita. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na nikanyamaza.

Kisha Opakol alikuja na wazee wawili. Alikataa kiti. Yeye na baba walizungumza Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake.

"Wandera, mtoto yangu nakwisha damu. Hii chuma yako nafanya kazi gani?"

"Ndugu yangu, hata mimi sijui. Niliona tu, nikanunua."

"Mtu nanunua kitu hajui? Na kila jioni wewe nafunga yeye na kitambaa nyeupe. Ya nini?"

"Kitambaa gani?"

Baba alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa. Kisha baba akanitazama mimi, nami nikawatazama kuku.

Wazee walisema kukitupa mtoni itakuwa ni kukiri. Kesho kutwa ilikuwa siku ya soko Busia. Baba akionyeshe huko mpaka apatikane mtu wa kukitaja jina na kazi yake. Asipopatikana, tuhame Buteba. Baba alikubali. Mama alianza kufunga vyombo jioni hiyohiyo.

Nilikwenda na baba, Opakol na wale wazee wawili kwa sababu tulihitaji chumvi na mama hakutaka kuonekana. Opakol alisukuma baiskeli yenye gunia la wimbi, kwani kwetu hakuna aendaye sokoni mikono mitupu, hata akiwa anakwenda kumfukuza rafiki yake.

Mhunzi alikigeuza geuza chuma, akasema si kazi ya wahunzi. Fundi baiskeli alidhani ni cha gari moshi, lakini hakuweza kusema cha wapi. Tukavuka hadi upande wa Kenya. Kila aliyesema hajui, baba alimshukuru na kuendelea, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nilitembea nyuma yake, na mdomo wangu haukufunguka.

Tulifika kwa mnunuzi wa nafaka, mtu wa pwani mwenye haraka. Aliinua macho kutoka kwenye mizani.

"Aa, bambo! Mmelitoa wapi? Langu limevunjika juzi."

Bila kungoja jibu alilichukua, akalidunga kwenye gunia lililokuwa karibu. Wimbi likatiririka ndani ya chuma, likapita kwenye mpini, likamwagika kiganjani mwake.

"Latoa nafaka tumboni mwa gunia pasi na kulifungua," aliwaambia wazee, waliokuwa wameachama. Alilinusa. "Hili lilikuwa la mtu wa kahawa. Ndiyo doa hilo."

Baba alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini mnunuzi alikuwa bado anakitazama kiganja chake. Alilidunga tena, chini zaidi.

"Huku juu wimbi safi. Huku katikati makapi na mchanga. Gunia hili la nani?"

Lilikuwa la Opakol. Watu walianza kukusanyika.

"Mtoto naumwa," Opakol alisema taratibu. "Shamba hakuna mtu nalima."

Baba aliacha kucheka. Alilishika gunia upande mmoja, wakalirudisha kwenye baiskeli, wakaisukuma pamoja hadi Buteba. Kesho yake mtoto alipelekwa hospitalini Masafu. Ilikuwa malaria, akapona.

Sisi tulibaki, aliyehama ni Opakol. Tangu siku ile, akifika sokoni, wanunuzi walilichoma gunia lake mara tatu tatu, na watoto walimwita Mchanga. Mwaka haukuisha akahamia Petta kwa wakwe zake, na Akiteng akaenda naye. Baba aliitwa Bambo maisha yake yote, na aliitikia kwa furaha. Kukhu alisema alituonya. Ni kweli alituonya, ila chuma kile hakikumtafutia mtu jina lolote. Majina yote mawili yalitoka kinywani mwangu.

Nilipomtembelea baba mara ya mwisho, miaka mingi baadaye, alimtuma mjukuu wake alete bambo. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cheupe, kipya, chenye mikunjo ya dukani.

"Shika, Nabwire," alisema. "Nimelitafutia kitambaa chake."

Nililia kama mtoto. Alijua tangu nilipowatazama kuku. Alizunguka soko zima akiwa na jawabu la kujiokoa: angeweza kugeuka na kusema ni huyu hapa, ameongopa, mwulizeni. Hakugeuka.

Nilimwomba msamaha hapohapo, akasema tunywe chai. Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Petta kumwomba Opakol naye msamaha. Akiteng, mwanamke mzima mwenye mvi, alinipokea vizuri, akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha kaburi la baba yake.