Ziwa imefungwa, na bwana yangu anavua na mutumbwi yangu

Admin, aksanti kwa kuficha jina yangu, na ufiche pia avenue yetu, juu huku watu wanajuana.

Niko mama wa miaka makumi tatu na sita, naishi Bukavu, chini ya Muhumba, karibu na maji. Niko na bwana na watoto wane, nauzishaka sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, tangu niko musichana. Bwana yangu ni muvuvi. Mutumbwi anayotumia si yake. Papa yangu aliniachia mbele ya kufa, na alisema mbele ya familia yote kama ni ya binti yake, mutu asiiguse. Mushike hiyo, nitairudilia.

Wenye hamuishi kando ya ziwa hamujue hasira yetu. Ziwa ni moja lakini iko na serikali mbili. Kwetu wanafunga ili sambaza zizae, ng'ambo, Rwanda, bado wanavua. Sisi tukifungua, wao wanafunga. Unakaa kwa mulango na njaa yako, unaona taa za wenzako zinawaka kule, na unajua zile samaki hazina pasiporo, asubui zilikuwa huku kwetu. Na wao, siku zao za kufunga, wanatuangalia na jicho ile ile. Sasa samaki inapumuzika wakati gani? Kila mwaka zinapunguka. Wakubwa wanaenda kwa mikutano, wanakunywa maji ya chupa, wanarudia nyumbani.

Mudogo yangu aliolewa ng'ambo, na bwana yake naye ni muvuvi. Mwaka huu tukasema sisi wanamuke wawili: kama wakubwa wanashindwa kupatana tarehe, nyumba zetu mbili zipatane. Upande moja ikifunga, wote wawili wanafunga. Bwana yangu alikubali, akamupigia shemeji simu, wakacheka, wakamaliza maneno. Kiisha kwetu wakatangaza kufunga. Ng'ambo ilikuwa bado wazi. Shemeji, mwenye sheria ya kwao ilikuwa inamuruhusu, akatoa mutumbwi yake kwa maji akaigeuza kichwa chini ndani ya lupango, kando ya nyumba. Wenzake wakamucheka, wakasema bibi ndiye kapita, ndiye anamuamuru. Akavumilia juu ya neno letu.

Bwana yangu yeye akaniambia amepata kazi ya kujenga kule Miti, atakuwa analala kule siku zingine, na mutumbwi ameiacha kwa ndugu zake wakubwa. Nilikuwa namufungia viazi na maharagi ya njiani. Nikikumbuka ile viazi damu inanipanda.

Juma iliyopita binti yangu alipata komunyo ya kwanza. Mudogo yangu ndiye marene wake wa ubatizo, akavuka na unga ya mutama na rozari mupya. Mama mukwe ndiye alipika. Kwa nyumba ya muvuvi ni haya kumununulia mugeni wa heshima sambaza sokoni, basi mama akaleta sahani ya sambaza za kukaanga, akasema kwa majivuno kama mutoto wake alizitoa kwa maji asubui ile. Hakujua agano letu, musimulaumu. Mudogo yangu akakamata moja na vidole. Ilikuwa ndogo, hata nusu ya kidole haikufika. Nyavu ya sheria inaziacha zile zipite, ni moustiquaire tu, chandarua ya mbu, inazikamata. Akairudisha kwa sahani pole pole.

"Yaya, dada yangu," akaniambia, "bwana yangu analima mashamba ya watu. Tunakula sombe bila samaki juu yenu."

Bwana yangu alikuwa kando, anaangalia soda yake.

Wageni walipoenda nikamuuliza. Hakuomba hata pole. Akasema, "Shemeji mumoja ameacha, wengine wote wa kwao wako ndani ya maji. Unataka nifunge ziwa peke yangu?"

Na kitu inanikasirisha sana ni kama hapo hakusema uongo. Mutu mumoja akiacha, ziwa haijae. Njaa iko ndani ya nyumba, mimi ndiye naiona kwa sufuria. Lakini moustiquaire? Hiyo ni kula mbegu mbele ya kupanda. Na kunidanganya na Miti, nifunge viazi kama mujinga?

Sasa mudogo yangu hapokee simu. Alinitumia sauti moja tu: bwana yangu akionekana tena kwa maji, wa kwake naye anarudi, na yeye mwenyewe atamushonea moustiquaire.

Sambaza mutu hazivue peke yake. Tunafungaka mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, nyavu inashuka kati yao. Ikikosa moja, hizo mbili zinakuwa mbao tu. Mbili ni za ndugu wakubwa wa bwana yangu. Ya tatu ni ile ya papa yangu. Nikiikamata, nyumba tatu zinakosa chakula, na familia ya bwana watasema nimewaua juu ya watu wa ng'ambo. Munajua siku hizi hiyo neno, ng'ambo, iko na uzito gani huku kwetu. Nikiiacha, nimepoteza mudogo yangu, na kesho watoto wangu watauzisha nini, mawe?

Jana nilinunua munyororo na kadena yenye ufunguo. Viko ndani ya saki ya nguo, chini ya robe nyeupe ya komunyo. Wakati naandika hii, bwana yangu iko pale chini, namuona kwa dirisha. Anaziba matundu ya mutumbwi na anaimba ule wimbo wa kupiga kasia wenye papa yangu alimufundisha. Kesho jioni wanashuka kwa maji.

Wamama na wapapa wa page hii, mwenye kunitukana anitukane, lakini anijibu mbele ya kesho jioni. Niifunge mutumbwi ya papa, ao niwaachie waende? Munishauri, peke yangu nimeshindwa.