Sindano ya Mganga wa Kwaluguru

Nilimkuta mganga aliyetaka kuniulia mwanangu amekaa kwenye benchi la wodi ya watoto wenye saratani, kofia ameipakata magotini, anasubiri kuitwa kama sisi wengine.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nesi akachungulia kuuliza kuna nini.

Ngoja niwarudishe nyuma mnielewe.

Naitwa Raheli, nakaa Kwamndolwa, Korogwe. Binti yangu Angel aligundulika ana saratani ya damu, tukapelekwa hospitali kubwa Dar. Dawa zilimmaliza nywele zote, lakini kilichotutesa zaidi ni ile sindano ya uti wa mgongo. Mtoto anakunjwa, anashikwa asitikisike hata kidogo. Mume wangu Matayo, fundi seremala, ndiye aliyekuwa akimshika.

Awamu ya kwanza ilipoisha Angel akanawiri. Madaktari wakasema nendeni mkapumzike, ila tarehe ya kurudi msiikose, kwani ugonjwa haujaisha.

Mama mkwe akaomba mjukuu akapumzikie kwake Kwaluguru, huko Handeni. Nikakubali.

Tarehe ilipofika tukamfuata. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtoto haondoki. Mganga wetu, Mzee Mwinjuma, kamtibu, huoni alivyonenepa? Na kasema dawa yake haikai na sindano. Akidungwa kabla mahindi hayajavunwa, anakufa."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Angel, sema kitu."

Akatazama chini.

Nikabaki hapo hapo na mwanangu, nikalia, nikagombana, nikaitwa mkwe asiye na adabu. Mwinjuma huku anatamba mnadani kwamba amewashinda madaktari! Siku Angel alipoanza kutoka damu kwenye fizi, nilimbeba mgongoni bila kuaga mtu, tukapanda basi la Dar.

Ugonjwa ulikuwa umerudi. Daktari akasema tunaanza upya, na safari hii ni ngumu zaidi.

Matayo alibaki Korogwe, eti ana kazi za watu. Nikawa namshika mtoto mwenyewe. Kila sindano ilipoingia nilimtaja Mwinjuma moyoni, nikaapa kwamba siku nitakayompata atanitambua.

Sasa kaingia kwenye kumi na nane zangu. Pembeni yake mjukuu wake Faraji, kipara kama Angel wangu.

Shikamoo sikumpa.

"Mganga! Wa kwako mbona hujampa mizizi?"

Benchi zima likageuka. Nikatoa simu nianze kumrekodi.

"Mama Angel, nisitiri."

"Wewe ulinisitiri?"

 Alifungua kifurushi cha chakula, akatoa kibomba cha insulini, akafunua shati na kujidunga tumboni hapo hapo mbele yangu.



"Nina kisukari miaka mingi," akasema. "Bila sindano ningeshazikwa. Mimi ndiye nikataze sindano?"

"Si ulisema!"

"Nilisema. Mumeo alinijia peke yake na mbuzi. Akaniambia, mzee, waambie sindano itamuua, mama yangu atakusikiliza wewe. Akasema hawezi tena kumshika yule mtoto akidungwa mgongoni."

Nikakaa chini.

Matayo! Mwanaume niliyekuwa nampigia simu nikilia, namlaani Mwinjuma, na yeye ananibembeleza, "Pole mke wangu, Mungu atamlipa."

Mganga sikumwachia. Nilimtaka aseme mbele ya simu kwamba alidanganya, kwamba mtoto mwenye saratani ni wa hospitali. Akasema. Nikairusha video ile kwenye grupu la ukoo, ikafika Kwaluguru kabla hajamaliza kula. Mama mkwe hajanipigia mpaka leo.

Halafu nikampigia Matayo. "Njoo." Sikumwambia nimejua nini.

Siku ya sindano nesi akauliza nani anamshika mtoto.

"Baba yake," nikasema. "Leo na siku zote. Mwinjuma kanisimulia habari ya mbuzi."

Matayo akanitazama, kisha akautazama mlango. Nikafunga mlango, nikauegemea.

"Na usifumbe macho."

Akamkunja mtoto, akamshika. Nilitaka asikie kila kilio nilichokisikia peke yangu. Nilitaka kimkae masikioni.

Angel akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mbona ulikuwa huji? Mama anatetemeka. Wewe ndiyo unajua kunishika."

Matayo alilia mpaka machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Mikono yake haikutikisika.

Nilisikia raha? Nilisikia, sitawadanganya. Na sijamsamehe. Lakini kila tarehe ya sindano yupo, na damu ya Angel safari hii inaonyesha matumaini.

Wazazi wenzangu, mtoto akinawiri katikati ya matibabu msijidanganye kwamba amepona, mrudisheni kliniki. Na ukimtafuta aliyekuumiza, usiishie kwa anayepiga kelele mnadani. Mgeukie na yule aliyetazama chini ulipomwambia aseme kitu.