Wateja Tisa wa Bi Karata

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Kwa wateja, kwa majirani, hata kwa mume wake, fundi wa majokofu, alikuwa Bi Karata, na jina lilimkaa kama kiatu kilichokwisha kuzoea mguu. Ujana wake wote ulipita nyuma ya meza ya kasino, katika hoteli moja kubwa, akiwagawia karata waliovaa vizuri na waliovaa vibaya, waliomwomba Mungu kimoyomoyo na waliomtukana yeye kimoyomoyo. Mwenyewe hakucheza hata siku moja.

"Mpika sumu haonji," aliwahi kumwambia mdogo wake, mshonaji aliyekuwa akiishi naye. Kisha akajirekebisha. "Si sumu. Tuseme pilipili. Ukijua kipimo chako haikudhuru."

Siku moja hoteli ikaondoa meza na kuweka mashine. Mashine haiugui, haiombi likizo, haina mtoto wa kupeleka kliniki. Wagawa karata wakaagwa kwa soda na hotuba, kila mmoja akashika njia yake. Bi Karata alikaa nyumbani akimsaidia mdogo wake kushona vifungo, kazi aliyoifanya vibaya na kwa kununa.

Wateja wa zamani ndio waliomtoa kwenye vifungo. Mmoja alimpigia simu kumuuliza ni wapi bado kuna meza yenye mtu wa kugawa, maana alichoka kuchezeshwa na taa. Mwingine alikuwa anasafiri, akataka kujua alale hoteli gani. Bi Karata alijibu mmoja mmoja mpaka koo likakauka.

"Dada," mdogo wake akamwambia, "kwa nini usirekodi ujumbe mmoja ukawatumia wote?"

Ndivyo zilivyoanza habari zake za Ijumaa asubuhi, sauti yake ikitoka kwenye simu za watu wanaokunywa chai kabla ya kwenda kazini. Hakuwa na maneno mengi. "Kasino ya karibu na stesheni imebadilisha mazulia, lakini viti ni vilevile, mgongo utakuuma. Ile ya ghorofani imepandisha kiwango cha chini cha kucheza, mwenye mfuko mwepesi asijisumbue. Wasafiri, kuleni kabla ya kukaa mezani, njaa na karata havijawahi kupatana. Nauli ya kurudi lipeni kabla ya kuondoka. Kadi ya benki iacheni nyumbani kwa mtu asiyewaogopa. Na ukijikuta unacheza ili urudishe kilichokwenda, inuka, kanywe maji, panda gari. Kilichokwenda kimekwenda."

Mzee mmoja, ambaye wenzake walimbatiza Bwana Subira kwa sababu hakuwa nayo hata chembe, alimjibu karibu kila wiki: "Bi Karata, unatangaza starehe au mazishi?" Lakini hakukosa kusikiliza.

Basi ikaja habari kwamba katika mji mmoja wa milimani kasino mpya ilikuwa inafunguliwa Jumamosi. Aliyemletea ni mgawa karata mwenzake wa zamani. Nyumba nzima ya meza, akaambiwa, kila meza na mtu wake, mashine zimesukumwa pembeni. Bi Karata alifurahi kama aliyeambiwa kwamba ndugu yake aliyepotea ameonekana. Ijumaa akaitangaza, na wasikilizaji tisa wakasema twende, utupeleke wewe. Wakakodi gari, wakalipia vyumba, wakapanda mlima wakitaniana njia nzima.

Walikuta geti limefungwa.

"Leo?" mlinzi akauliza. "Nani kawaambia leo? Leseni haijatoka, mama. Wakaguzi wenyewe wanakuja wiki ijayo."

Bi Karata akampigia simu yule mwenzake. Naye akasema aliambiwa na mtu, na yule mtu aliambiwa. Upepo wa mlimani ulikuwa unavuma, na watu tisa walisimama nyuma yake na mabegi yao, wakimtazama kisogoni.

"Safari yote hii," Bwana Subira akasema, "tumekuja kuangalia geti."

Angeweza kumsukumia lawama yule wa kwenye simu. Badala yake aligeuka, uso ukimwaka, akasema, "Kosa ni langu. Nilisikia nikafurahi, sikupiga simu hapa penyewe kuuliza. Nawahimiza ninyi kuhakikisha, na mwenyewe sikuhakikisha. Nisameheni."

Kisha nesi mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, akaweka begi lake chini. "Haya, umeshasema. Sasa tufanye nini? Vyumba tumelipia, dereva kaenda kulala."

Bi Karata alikuwa akitazama ndani, kupitia kioo kirefu kando ya geti. Mle ndani taa ziliwaka. Vijana waliovalia vizibao vyeusi walisimama nyuma ya meza, kila mmoja akigawa karata kwa viti vitupu. Walitandaza, wakakusanya, wakachanganya, wakagawa tena, na hakuna aliyekuwa upande wa pili. Msichana mmoja mrefu, aliyekuwa meza ya karibu, aliviinamia viti vile kwa heshima kana kwamba vina watu. Bi Karata akasogea karibu na kioo.

Akamwomba mlinzi amwite meneja. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na alikuja na samahani tayari mdomoni.

"Sikuja kulalamika," Bi Karata akamkatiza kwa upole. "Nimegawa karata tangu wewe uko shule. Hawa vijana wako wamewahi kumhudumia mteja?"

Meneja alisita. "Wanahudumiana wao kwa wao."

"Wanajuana. Hawawezi kuogopana. Na wakaguzi watataka kuwaona wakifanya kazi."

"Watataka."

"Mimi nina wateja tisa hapa. Wamechoka, wana njaa, na wamenikasirikia. Wateja wa kweli kuliko hawa utawatoa wapi?"

Meneja alicheka bila kutaka. Kisha akawa makini tena: pesa haiwezi kuingia mezani, hata senti, sheria ni sheria. Bi Karata akasema hivyo ndivyo anavyotaka. Wacheze kwa chipu tupu, vile vipande vya plastiki vinavyoshika nafasi ya pesa, na jioni vyote virudi sandukuni. Meneja akaenda kupiga simu kwa wakubwa wake. Aliporudi, geti lilifunguliwa.

Kwanza wakalishwa. Kisha wakakaa mezani, na mambo yakaanza kuharibika, kama Bi Karata alivyotarajia. Kijana mmoja aliangusha karata zote. Mwingine alimlipa nesi mara mbili, nesi akanyamaza kama maji mtungini. Yule msichana mrefu alipata bahati mbaya kuliko wote: mezani kwake aliketi Bwana Subira.

"Unanigawia au unanionjesha?" mzee akamuuliza. "Fanya haraka, binti. Nimezeeka tangu nikae hapa."

Msichana akaharakisha, karata mbili zikatoka pamoja. Bi Karata akasimama nyuma yake, akamnong'oneza, "Usimtazame usoni. Uso ni wa kwake, aufanye anavyopenda. Tazama mikono yake. Wewe kazi yako ni mikono tu."

Msichana akashusha macho. Aliiona mikono ya mzee, mishipa imesimama, vidole vikigonga meza bila kutulia, vikavu. Akagawa taratibu. Mzee akapoteza, akafoka. Akagawa tena. Mzee akapoteza tena, akasukuma chipu zake zote katikati, zile zisizo na thamani hata ya pipi, na paji lake la uso likatoa jasho kana kwamba ameweka nyumba yake rehani.

Hapo msichana akasimamisha mkono. "Mzee wangu," akasema, "nikuagizie maji kabla hatujaendelea?"

Hakuna aliyemfundisha kusema vile. Bwana Subira alimtazama, akaitazama milima ya plastiki mbele yake, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Niagizie," akasema. Akanywa yote. Baadaye akazipunguza zile chipu, akacheza chache chache, na akaanza kumsimulia msichana habari za wajukuu wake.

Wakati huo nesi alikuwa na mlima wa ushindi na anagawia majirani kama anagawa dawa. Mwalimu mstaafu, mtu mkimya aliyejulikana kwa kucheza amebana midomo, alikuwa anacheka machozi. Njiani wakirudi, siku ya pili, alimwegemea Bi Karata akamwambia polepole, asisikike na wengine: "Miaka yote nilidhani napenda ushindi. Kumbe napenda meza na watu waliokaa pale. Hicho kingine nitakitafakari." Na kweli alikitafakari, maana tangu hapo alikusanya wenzake nyumbani kwake kila Jumapili mchana, wakacheza kwa njugu, na aliyeshinda alikula.

Lakini kabla hawajaondoka mlimani, meneja alimsindikiza Bi Karata mpaka garini. Alitaka aje kuwafundisha vijana, kwa mshahara, na chumba cha kukaa.

"Nina sharti," Bi Karata akasema. "Habari zangu za Ijumaa ziendelee. Na pakiwa pabaya hapa, nitasema pabaya."

"Ukitaka kusema vibaya, nipigie kwanza."

"Nitakupigia baadaye."

Meneja alifikiri, akampa mkono.

Nyumbani mume wake alisikiliza hadithi yote akiwa na bisibisi mkononi. Akauliza swali moja tu: huko kwenye baridi hiyo, nani atahitaji fundi wa majokofu? Mdogo mtu akamjibu kwamba kasino ina jiko, na jiko lina vyumba vya barafu, shemeji acha visingizio. Akaacha.

Leseni ilitoka. Siku ya ufunguzi msichana mrefu alipewa meza ya mbele, akaifanya kazi bila kuharakishwa na mtu. Bi Karata hakuiona sherehe, kwa sababu alikuwa chumba cha nyuma na kundi la pili, vijana sita ambao hawajui hata kushika karata. Aliwaambia wakunje mikono ya mashati, wanyooshe vidole. Nje, mume wake alikuwa juu ya ngazi akirekebisha feni ya chumba cha barafu, akipiga mbinja. Bi Karata akachukua pakiti ya karata mpya, akachana karatasi yake, na akaanza kuwaonyesha, polepole kwanza.