Nilivyodai Haki ya Kanisa Mbele ya Hakimu

Mwanicheka kabla sijaanza? Haya, chekeni, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile masikio yanipata moto, na aibu yenyewe niliitafuta kwa mdomo wangu, hakuna aliyenisukuma.

Ilikuwa miaka ya vita, mimi ni kijana, msomaji wa kanisa letu pale Changamwe (yule anayesimama Jumapili kusoma aya, kanzu nyeupe, sauti nzito, wallahi nilijiona!), nami nimemchumbia Kadzo, binti wa Mzee Charo, na Mzee Charo ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa, mtu ambaye akisikia harufu ya tembo la mnazi hubadilisha njia. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameanza kusomwa. Basi si ndiyo nikakamatwa! Jioni moja, kule Miritini, kwenye kilabu cha tembo kisicho na ruhusa ya serikali, nimekaa na wenzangu, kata ya tembo mkononi, mara askari hao. Tukaambiwa tufike kortini Ijumaa.

Nikamkimbilia rafiki yangu Danieli, karani wa wakili mmoja kule mjini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, Mzee Charo akijua nina kesi ya tembo, Kadzo simpati." Danieli, ambaye hupenda kuonyesha alichosoma, akanieleza kwamba zamani huko Uingereza mtu wa kanisa alikuwa hahukumiwi na korti ya mfalme hata akiwa ameua, kazi yake ni kusoma tu aya ya zaburi ya toba mbele ya hakimu, akiweza, basi, anakabidhiwa kwa askofu, na maaskofu walikuwa wapole. Lo! Na mimi si msomaji? Nikainuka pale pale. Danieli akaniita, "Ngoja bwana, sijamaliza!" Nikampungia mkono, nishatosheka.

Ijumaa tulipoitwa nikajitia mbele ya wenzangu wote. "Bwana mkubwa," nikasema, "mimi ni mtu wa kanisa, na kwa sheria ya kwenu korti hii haiwezi kunihukumu." Mkalimani akaninong'oneza, "We Zakaria, una wazimu? Sema umekosa uende zako." Nikamwambia, "Wewe tafsiri!"

Hakimu, Mzungu wa makamo mwenye miwani, akaweka kalamu chini, akauliza kama najua kusoma. Nikatoa Biblia mfukoni, nikaisoma ile aya kwa sauti ya Jumapili, nikaivuta mwisho kama kawaida yangu, na watu waliojaa nyuma, kwa mazoea tu, wakaitikia, "Amina!" Hakimu akatoa leso akajifuta macho (mimi nikadhani ameguswa).

"Sheria hiyo," akasema, "kwetu ilifutwa zamani, babu yangu hajazaliwa. Na ilipokuwepo, aliyepona kwa kusoma alichomwa kidole gumba kwa chuma cha moto, asije akarudia." Gumba langu nikalitia mfukoni haraka. "Lakini umeomba kanisa likuhukumu, na mimi simnyimi mtu anachoomba. Askari, mpeleke!"

Wenzangu wakasema wamekosa, wakaonywa, wakaruhusiwa, wakatoka wakicheka. Nikafungua mdomo niseme na mimi nimekosa, hakimu akanyanyua mkono. "Wewe si wangu tena."

Tukatoka mjini, tukavuka daraja la Makupa kwa miguu kurudi Changamwe, mimi mbele, askari nyuma, na kila tulipopita watu wakaongezeka kutufuata, hata tulipofika kanisani tulikuwa kama harusi. Na ndani, jamani, wazee walikuwa wamekaa na padre kupanga harusi yangu! Askari akapiga hodi, akatangaza, "Nimeleta mtu wa tembo. Korti imesema kanisa limhukumu."

"Shikamoo, baba," nikasema.

Mzee Charo akatazama vichwa vilivyojaa dirishani, akasema taratibu, "Ungekuja peke yako ukaniambia, mwanangu, ningekusitiri. Sasa umeletwa na serikali, watu wote wanatazama, nami ndiye hakimu. Nifanyeje?" Wazee wakakata shauri: matangazo yasimamishwe, nisisome, nikae benchi la nyuma hadi Pasaka.

Nje nikamkuta Kadzo, macho mekundu. "Mimi nilijua tangu jioni ile uliyokamatwa," akasema, "nikamficha baba. Wenzio wamekwisha pita hapa, wako makwao wanakula. Wewe ulikuwa na haja gani ya kujifanya mjuzi?"

Nikaapa pale, na kiapo nakishika mpaka leo, kwamba habari ya mtu sitaibeba nusu, nitakaa chini hadi amalize, hata akiwa ni Danieli na maneno yake yasiyokwisha.

Baada ya Pasaka nikarudishiwa kazi yangu ya kusoma. Tangazo la kwanza nililopewa lilikuwa la ndoa ya Kadzo na fundi mmoja wa reli. Nililisoma lote, sikukosea hata jina.