Kama Pigo, Si Pigo

Mimi nina mdomo, sikatai. Tangu shule ya msingi nilikuwa yule mtoto anayeinua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali, na miaka yote ya uuguzi haijanipunguza hata kidogo. Kwa hiyo niliposikia kuna Wakenya wenzangu hapa Muscat wanaokutana mtaa wa Mawaleh kila Ijumaa asubuhi kusoma Torati, fungu la wiki kwa wiki kama wasomavyo Wayahudi, nilienda nikiwa na hakika kwamba mwezi hautaisha kabla sijaanza kuwafundisha.

Tulikuwa sita, Wakristo wote, Myahudi hata wa dawa hakuna. Mwenyeji wetu alikuwa fundi wa AC, mtu mpole, aliyekuwa amepata kwenye simu yake ufafanuzi wa mwalimu mmoja wa Kiyahudi wa karne nyingi zilizopita, akaupenda kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Huyo mwalimu sisi tulimwita Mzee tu. Mtu mmoja alisoma aya, mwingine akasoma maneno ya Mzee juu ya aya hiyo, halafu fundi akauliza swali lake lile lile: "Mzee amekwazwa na nini hapa?" Maana Mzee hasemi bure. Ukimwona amesimama kueleza kitu, ujue ndani ya aya kuna neno lililomkwaza, limezidi au limepungua, na kazi yetu ilikuwa kulitafuta hilo neno. Mimi nililipata kabla ya wote, na nilihakikisha wote wameona kwamba nimelipata.

Siku nyingine za wiki nilikuwa mtaa wa Qurum, kwenye nyumba ya Waomani waliotoka Unguja, nikimuuguza Bibi mwenye sukari na presha. Binti yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, nami nilimwita Mama. Mle ndani Kiswahili kilikuwa chao cha Unguja, kimechanganywa na Kiarabu, na changu cha Kenya walikicheka mpaka machozi. Alikuwepo pia msichana wa kazi, Mganda, ambaye alikuwa amebakiza miezi miwili aende likizo. Alikuwa amemwacha mwanawe akinyonya, na sasa mtoto anavaa sare ya chekechea. Picha ya ile sare nilionyeshwa mara nyingi hadi nikaanza kujifanya niko na kazi nikimwona anashika simu.

Acha niseme ukweli wote. Nilikuwa namwonea wivu. Bibi alimwita yeye "mwanangu", mimi akaniita "nesi". Chai yangu Bibi aliionja akaiweka chini. Ya msichana aliimaliza na kudai nyingine. Mtu mzima mimi, na vyeti vyangu, nikawa naumia roho kwa sababu ya chai.

Jumatano moja, Ramadhani ikiwa imeisha karibuni, Bibi aliinuka kitini akapepesuka, kidogo aanguke. Nikampima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na mimi sikuwa na maelezo yoyote, kitu ambacho mtu kama mimi hakivumilii. Mama alipouliza kuna nini, nikajibu papo hapo.

"Mama, yule msichana anamtilia Bibi dawa kwa chai."

"Dawa?"

"Dawa. Nimemwona."

"Nnakuuliza, nesi. Una yakini?"

"Nina uhakika, Mama. Kwa macho haya yangu."

Sasa nieleze kile macho haya yaliona. Yaliona mgongo wa msichana jikoni, kiwiko kikitikisika, na kikaratasi cha nailoni chenye unga wa kijani. Vikombe mbele yake vilikuwa viwili. Unga ulienda kikombe gani, sikuona. Tena mimi ni muuguzi, na kwangu dawa ni dawa tu, pengine majani ya kwao ambayo hayapatani na vidonge vya sukari. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni baadaye. Lakini nilikuwa nimekaa nyumba ile miaka miwili, na nilijua vizuri kwamba mle ndani mtu "akitiliwa dawa" amefanyiwa sihri, amerogwa. Nilijua, na neno likatoka hivyo hivyo.

Mama hakupiga kelele. Bibi alikuwa amelala, na kabla hajaamka msichana alikuwa mlangoni na begi lake moja, dereva akimngoja ampeleke kwa wakala aliyemleta. Alichungulia chumbani kwa Bibi, ambako nilikuwa nikipanga vidonge vya jioni.

"Dada, nimefanya nini?"

"Ongea na Mama," nikasema, na sikuinua uso.

Ijumaa nikaenda Mawaleh kama kawaida. Fungu la wiki hiyo lilikuwa la ukoma, ukoma wa ngozi, wa nguo, hata wa nyumba. Tukafika pale ambapo mtu anaona madoa kwenye ukuta wa nyumba yake na kwenda kwa kuhani kumwambia kwamba anaona kama pigo ndani ya nyumba. Fundi akasoma maneno ya Mzee kimoyomoyo, akatabasamu, akaficha simu kifuani.

"Haya, Mzee amekwazwa na nini?"

Wenzangu wakakuna vichwa. Mmoja akasema "kuhani", mwingine akasema "nyumba". Mimi mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea.

"Ni 'kama'. Kwa nini asiseme tu ni pigo?"

"Eeh! Huyu dada hatumwezi!" Fundi akapiga makofi, akatusomea. Mzee anasema kwamba hata mtu awe msomi mkubwa, anayejua kabisa kwamba hili ni pigo, asilikate neno. Asiseme pigo. Aseme kama pigo. Fundi akaongeza kwamba wahenga wa Kiyahudi husema mapigo hayo humjia mtu kwa sababu ya ulimi wake, kwa kuwasema wenzake.

Wakanipigia makofi, jameni. Nilikaa pale nikipigiwa makofi huku masikio yakiniwaka moto. Nikaomba ruhusa kwenda msalani, nikafunga mlango, nikalia na taulo la watu mdomoni ili wasinisikie. Hapo hapo nikaapa kwamba nikirudi Qurum nitamwambia Mama maneno matatu: sikuona, nilidhani.

Hata kuhesabu nilishindwa, hayo ni mawili. Lakini nilikusudia kwa moyo wote, na Jumamosi asubuhi nilipoingia nyumbani yalikuwa tayari ulimini.

Nikakuta Bibi amesimama sebuleni, mkongojo juu, analia kwa hasira. Walikuwa wamemwambia kwamba msichana kaenda likizo mapema, na leo mmoja wa wajukuu akatoboa siri.

"Mimi nnafunga sita zangu za Shawwal!" alikuwa akisema, zile funga sita za hiari baada ya Ramadhani. "Huyu nesi kanikataza, basi nnafunga kwa siri, na yule mwanangu ndiye anoniamsha kula daku. Ndo maana nnapepesuka! Dawa gani? Lile jani lake la tumbo? Hulitia katika kikombe chake mwenyewe, nnalijua siku zote!"

Kumbe msichana alikuwa ametolewa nyumbani na begi lake na bado hakusema siri ya Bibi.

Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nesi. Mimi si nilikuuliza kama una yakini?"

Hapa ndipo nilipokuwa niseme. Nafasi ililetwa mpaka mbele ya miguu yangu. Nikafungua huu mdomo wangu, na ukatoa hivi:

"Mama, mimi nilisema naona kama anatia kitu. Nilisema 'kama'."

Wallahi sijui niliitoa wapi sauti ile tulivu. Neno nililojifunza jana yake kwenye Torati, wino wake haujakauka, nikalivaa kama koti.  Nikamwona Mama akirudi nyuma katika kumbukumbu yake, akitafuta, akijitilia shaka, na mimi sikumsaidia. Mwisho akaweka kiganja mdomoni.

"Astaghfirullah. Basi mimi ndo niliyesikia vibaya. Kiswahili chenu hichi... Nimemdhulumu mtoto wa watu."

Akachukua ufunguo wa gari na kwenda kwa wakala mwenyewe. Hakumtuma dereva.

Walirudi adhuhuri. Nilimsikia Mama akimwomba radhi msichana pale pale kizingitini, mwanamke wa heshima zake, akilia. Nilimsikia pia akimwambia, "Nesi hakukusema. Nesi kasema 'kama' tu. Ni mimi niliyekuzulia." Nilikuwa nyuma ya mlango na kipimo cha sukari mkononi, sina ninayempima.

Msichana akaja kunitafuta. Alikuwa amekonda usoni kwa siku tatu tu, na nguo zilikuwa zile zile za Jumatano. Akapiga magoti mbele yangu, kwa desturi ya kwao. Nikamwambia ainuke, hakuinuka.

"Dada, nina dhambi kwako," akasema. "Kule kwa wakala nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba ni wewe umenisema. Siku tatu nimekuombea mabaya. Kumbe hukusema kitu. Nisamehe, dada."

Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia nimekusamehe.