Ubongo wa Kununua

Mtaani walimwita Bwana Ubongo, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Kazi yake ilikuwa kuuza minikompyuta, yale makabati ya ukubwa wa friji ambayo ofisi hununua kwa hesabu zao, na katika maisha yake yote ya uuzaji hakuwahi kufungua hata moja. Aliona haja gani? Mdomo ulimtosha.

Mteja akiuliza mashine hizo zinatumia maikroprosesa gani, yaani ile chipu inayoendesha kila kitu, Bwana Ubongo alipandisha suruali juu ya kitambi. "Ubongo wetu tunautengeneza wenyewe," alisema. "Wale wa duka la ng'ambo ya barabara wananunua." Neno hilo la mwisho alilitamka kama anatema kokwa.

Basi binti yake akapata mchumba, na mchumba mwenyewe ni fundi wa hao wa ng'ambo ya barabara. Bwana Ubongo akakataa katakata. Mkewe alibembeleza, binti alilia mpaka sauti ikakauka, yeye kashupaza shingo: hawezi kuoza mtoto kwa watu wa kununua. Mwishowe alikubali wazee wa kijana waje wasikie jibu lake, ila si nyumbani. Waje dukani kwake, kwenye mashine, waone ni ukoo gani wanaoutamani. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo alivyokuwa.

Walikuja Jumapili, baba wa kijana na shangazi yake, wakakalishwa kwenye viti vya wateja mbele ya mashine tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Bwana Ubongo akahutubia, binti yake amesimama kando. Shangazi akapiga miayo. Hilo lilimkera kuliko tusi.

"Mwanangu, nipe bisibisi. Leo watauona ubongo wetu kwa macho yao."

Binti alipokea skrubu kiganjani. Kifuniko cha ile ndogo kilipotoka, shangazi alivaa miwani, akainama na kusoma jina juu ya chipu. Lilikuwa jina la kiwanda kilekile walikonunua jirani zake, wale ambao Bwana Ubongo aliwacheka kila siku.

"Hii ni ya wateja wadogo," alisema, akaifungua ya kati. Jina lilelile.

"Kubwa ndiyo yenyewe," akasema, jasho likimtoka. Ndani ya ile kubwa mlikuwa na chipu ileile, hata namba haikubadilika. Kilichozidi ni kabati, na nafasi tupu ya kutosha ndoo ya maji.

"Mafundi wa kiwandani wamekosea," alisema. Mwanamume mzima. "Lete hizo skrubu, mwanangu."

Binti akafumba kiganja. "Wageni wanangoja jibu, baba."

"Skrubu kwanza."

"Jibu kwanza, baba."

Bwana Ubongo aliangalia mashine zake zilivyokaa wazi, akaangalia mlango wa kioo ambao wateja wangepitia kesho yake. "Haya. Mchukueni," alisema, na binti akafumbua kiganja.

Kesho yake mteja wa kwanza akauliza lile swali la siku zote. Bwana Ubongo alipandisha suruali.

"Ubongo wa mashine hizi," alisema, "ni wa kifamilia."

"Na wale wa ng'ambo ya barabara?"

"Wale? Wale ni wakwe zangu."